Siku Mama Mkwe Alipowaona Nyangumi

Wifi yangu mdogo alipojifungua kule Mtwara, mume wangu alisema mama lazima aende akampokee mjukuu, na kwamba mimi ndiye nitakayempeleka. Ilikuwa mwezi wa tisa. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza kulowesha vumbi la Biharamulo, na yeye mwenyewe asingeweza kuondoka: mahindi yalikuwa hayajapandwa, na ng'ombe walikuwa bado mbali kwenye malisho ya kiangazi. Mimi nafundisha shule ya msingi, na shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo fupi. Katika boma letu lote, wiki ile, ni mimi peke yangu niliyekuwa sisubiriwi na shamba wala na mnyama.

Nilikuwa nimeishi jirani na mama mkwe kwa zaidi ya miaka kumi, lakini tulikuwa hatujawahi kusafiri pamoja, wala kukaa wawili tu kwa muda mrefu kuliko ule wa kuchambua maharage ya mchana. Mimi ni Mhangaza wa Kanazi, wilaya ya Ngara. Nimezaliwa katika nyumba ya migomba na kahawa, nyumba ya Kikatoliki ambamo rozari husaliwa kwanza ndipo chakula kipakuliwe. Yeye ni Msukuma. Alitoka Shinyanga akiwa na watoto wadogo, akitembea nyuma ya ng'ombe pamoja na mumewe, wakitafuta nyasi, mpaka wakafika kwenye misitu ya Biharamulo wakajenga. Hakubatizwa. Nyuma ya nyumba yake kuna kijumba kidogo cha nyasi cha wazee wake waliotangulia, na asubuhi nyingine nilimwona amechuchumaa pale akinyunyiza maji ya unga na kuzungumza nao kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeongea na jirani ng'ambo ya ua.

Kati yetu kulikuwa na Kiswahili, na Kiswahili hakikuwa cha yeyote kati yetu. Mimi nilikipata shuleni, yeye alikipata mnadani. Changu ni cha ubao na chaki, chake cha kutaja bei na kuikataa. Kila asubuhi nilipiga goti nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza wajukuu wameamkaje, nikasema salama. Baada ya hapo maneno yalituishia, na kila mmoja akaenda kwenye kazi yake. Hatukuwa na ugomvi wowote. Tulikuwa tunaheshimiana tu, na heshima ikiwa nyingi sana huziba mlango.

Safari ilitumia siku kadhaa. Mama mkwe alikaa dirishani, na nchi yote kuanzia Kahama mpaka Dodoma aliipima kwa jicho la mfugaji: hapa pana nyasi, hapa wamechunga mno, hapa ardhi imechoka. Alipoingia nyumbani kwa binti yake hakukaa kwanza. Alinawa mikono, akampokea mtoto, akamnusa kichwani, akamwita kwa jina la marehemu baba mkwe wangu. Wifi akalia. Mimi nikaenda jikoni kuchemsha maji.

Mume wa wifi ni mtu wa pwani, mzaliwa wa Mikindani. Siku iliyofuata alitupeleka tukaione bahari. Mimi nilikuwa nimeisoma na kuifundisha, nimechora ramani yake ubaoni kwa chaki ya bluu, lakini nilikuwa sijawahi kusimama mbele yake. Nilipokuwa mtoto, baba aliwahi kunisimamisha kwenye kilima cha Benaco tuangalie moshi wa majiko ya wakimbizi, ukienda mpaka macho yanapokomea, na tangu siku ile nilidhani sitaona tena kitu ambacho jicho haliwezi kukimaliza. Sasa nilikuwa nacho mbele yangu, na safari hii hakikuwa na huzuni ndani yake. Mama mkwe alivua viatu, akaingia mpaka vifundoni, akachota maji kiganjani akayaonja. Aliyatafuna kidogo mdomoni kabla ya kuyatema.

"Ng'ombe wangeyapenda haya," akasema.

Jioni hiyo alikuja mjomba wa huyo shemeji yangu kutupa pongezi za mtoto. Alikuwa mzee mwembamba mwenye boti ya faiba inayotumia mashine, na miezi ile ya upepo wa kusini kazi yake ilikuwa kuwapeleka wageni kuangalia nyangumi. Alisema mkwe wa nyumba haondoki Mtwara akiwa ameona ufukwe tu, na kwamba kesho yake hakuwa na wageni, basi angetuchukua sisi. Mimi nilianza kutafuta udhuru, kwa sababu sijui kuogelea na sikuona haya kusema hivyo. Mama mkwe aliuliza nyangumi ni kitu gani. Kwetu Ngara neno hilo nilikuwa nimelipata kwenye mafundisho ya kipaimara, na ndani ya kichwa changu lilibaki kuwa jina la kitu kinachomeza mtu, si jina la mnyama mwenye kwake. Nikamwambia ni kama samaki mkubwa sana. Akauliza kama anamzidi sangara. Nikasema anamzidi. Akauliza kama anamzidi kiboko, maana viboko alikuwa amewaona mtoni, na hakuamini kuwa maji yanaweza kufuga kitu kikubwa kuliko hicho.

Yule mzee alicheka kwa adabu, akiwa ameinamisha kichwa. "Mama, twende ukamwone mwenyewe," akasema.

Tulitoka Mikindani asubuhi, watu wanne: nahodha, shemeji, mama mkwe na mimi. Wifi alibaki na mtoto. Tulivalishwa majaketi ya kuokolea, na la mama mkwe lilikuwa la rangi ya machungwa, limekaa juu ya kitenge chake na shanga zake kama vazi la sherehe. Alikaa mbele kabisa. Mimi nilikaa katikati, nimeshika ubao wa kiti kwa mikono miwili, na kwa muda mrefu nilichoona ni vidole vyangu tu.

Pumzi zao ndizo zilizotangulia kuonekana. Mbali mbele yetu mvuke mweupe ulipanda kutoka majini, ukasimama kidogo, ukatawanyika. Kisha mwingine. Kisha mingine kwa pamoja, kama moshi wa kijiji ambacho majiko yake yote yamewashwa kwa mara moja. Nahodha alipunguza mashine hadi ikabaki inaguna tu. Alisema hawafuatwi, mtu husimama, na wao wakitaka watakuja. Akasema pia kwamba tumebahatika, kwa sababu hao si nyangumi wanaopita tu. Hilo ni kundi la madume wanaomgombea jike.

Wakaja. Niliwasikia kabla sijawaona vizuri. Ilikuwa ile sauti ya basi linaposimama na kutoa upepo wa breki, lakini nzito zaidi, na yenye uhai ndani yake. Mama mkwe aligeuza kichwa upande mmoja. Baadaye aliniambia kwamba sauti ile alikuwa anaijua, ni ya fahali anayetoa kichwa kwenye maji baada ya kunywa, ila alijaribu kumfikiria fahali mwenyewe akashindwa.

Jike ndiye alikuwa mbele. Mgongo wake ulitoka majini polepole, mweusi, unang'aa, na ukaendelea kutoka. Nilisubiri uishe. Ulipanda, ukafika kwenye kinundu chenye pezi dogo, ukaendelea tena, na wakati mkia unajitokeza, kichwa kilikuwa kimeshazama zamani. Ubavuni mwake alikuwepo mtoto. Yule mtoto peke yake angejaza uwanja mbele ya darasa langu, lakini pembeni ya mama yake alionekana kama ndama wa wiki moja, anapanda pale mama anapopanda, anazama pale anapozama.

Nyuma yake, karibu sana, alikuwepo dume mmoja. Nahodha alituambia huyo ndiye mlinzi, au tuseme ndiye aliyejipa ulinzi, na wote wanaomfuata nyuma wanataka kukaa mahali pake. Hao wengine sikuweza kuwahesabu, kwa sababu hawakuwahi kukaa juu kwa pamoja. Mmoja alipoibuka kulia, maji ya kushoto yalikuwa yanachemka kwa ajili ya mwingine. Nahodha alisema wametoka kwenye bahari za baridi, kusini kabisa mwa dunia, na wakiwa huku kwetu karibu hawali. Miezi yote hiyo wanaishi kwa mafuta ya miilini mwao. Hakuna majani wanayogombea pale wala kisima. Wamekuja mbali kiasi hicho, na njaa yao, kwa ajili ya hilo tu.

Dume mmoja alijaribu kupenya kutoka pembeni. Mlinzi aligeuka. Sikuwa nimejua kwamba kitu cha ukubwa ule kinaweza kugeuka. Aliweka mwili wake katikati, na chini ya maji ukatoka mstari wa mapovu meupe, ukajichora nyuma ya jike kama ua wa boma. Yule mwingine akaupita. Ndipo mlinzi akainua kichwa chote juu ya bahari, koo lake limevimba kwa maji aliyokuwa ameyameza, kubwa, lenye mifereji mirefu, na akajiangusha juu ya mwenzake kwa uzito wake wote. Kishindo hakikuja kwa masikio. Kilikuja kwa sakafu ya boti, kikapanda kwenye kiti, nikakisikia kwenye meno. Mkia ukapiga upande. Maji yakatunyeshea. Walipoibuka tena niliona kichwa cha mlinzi, vile vinundu vyake vya mbele vimechubuka mpaka nyama ikawa nyeupe, na damu nyembamba inachirizika na kupotea mara moja, kwa sababu bahari ni nyingi mno kwa damu ya mtu yeyote.

Shemeji alikuwa ameinua simu anapiga video. Mimi nilikuwa nimeachia ubao wa kiti bila kujua.

Nilimwangalia mama mkwe nikidhani nitamkuta ameogopa. Alikuwa amesogea mbele mpaka goti lake limegusa ukingo wa boti. Hakuwa anaangalia mapigano. Wanaume wote wawili wa boti ile walikuwa wanafuata mapigano kwa vidole, huyu kapigwa, huyu karudi, na mimi pia macho yangu yalikuwa huko. Yeye alikuwa anaangalia mbele ya mapigano, pale jike alipokuwa.

Jike hakuwa amegeuka hata mara moja. Alikuwa anakwenda, na mtoto wake ubavuni. Alipopinda kuelekea kaskazini, kundi lote lilipinda, wapiganaji na wapigwa pamoja. Alipopunguza mwendo, walipunguza. Alipozama, walizama, na alipotoka mahali pengine kabisa, palepale nyuma yake ndipo pumzi zao zilipolipuka, zimekatika kwa haraka ya kumkimbilia. Nikaona kitu ambacho nilikuwa nacho mbele ya macho tangu mwanzo na sikukiona.

"Hawamfukuzi," mama mkwe akasema, bila kunigeukia. "Wanamfuata."

Nahodha alimtazama. Alisema ni kweli, miaka yote anawaona na ndivyo ilivyo, jike ndiye anayechagua njia. Wengine husema anawachosha makusudi ili abaki mwenye nguvu. Yeye mwenyewe hajui, wala hajawahi kuona wakipandana, na baba yake aliyevua maji haya maisha yake yote hakuwahi kuona. Yale ya mwisho huyafanya chini, walikojificha na macho.

Halafu jike alituelekea. Nahodha alizima mashine kabisa, na bahari ikawa kimya ghafla, kila kitu kinasikika, hata maji yanayodondoka kutoka kwenye nguo zetu. Alikuja moja kwa moja, akapumua karibu nasi, na pumzi ile ikatufikia usoni, ya moto kidogo, yenye harufu ya samaki na ya kitu cha kale. Kisha akainama akapita chini ya boti. Nilichungulia. Maji yalikuwa ya kijani yenye mwanga, na ndani yake niliona pezi lake la pembeni, refu kama mbawa, jeupe upande wa chini, likipita polepole chini ya miguu yetu, halafu mwili, halafu mtoto akiwa amejibana kwake, halafu mwili bado. Boti haikutikisika hata kidogo. Angetaka angeturusha kama kifuu. Alijua tulipo, akatupisha.

Mama mkwe alishuka kutoka kwenye kiti. Akapiga goti kwenye sakafu ya boti, kwenye maji yaliyokuwa yamejaa pale, akainamisha kichwa na kupiga makofi taratibu, viganja vimekunjwa kidogo, kama wanawake wa kwao wanavyofanya mbele ya mtu mkubwa. Alisema maneno ya Kisukuma ambayo sikuyaelewa yote. Nilielewa kwamba anaamkia. Mkono wangu wenyewe ulikuwa umeshafika kwenye paji la uso, nafanya ishara ya msalaba. Hatukutazamana.

Madume walipita pande zote mbili za boti, wanapumua kwa nguvu, mmoja akiwa nyuma sana ya wenzake, amechoka, pezi lake la mgongoni limepinda. Wakatuacha. Tuliona migongo mara moja tena, kisha mikia, mmoja baada ya mwingine, mipana, inapanda na kusimama na kushuka bila kelele. Kisha bahari ikawa tupu. Kilichobaki ni maduara laini juu ya maji mahali walipozamia, kama alama ya chungu kilichoinuliwa kwenye unga.

Nahodha alichukua kasia, akatumbukiza upande wa bapa majini, akamwambia mama mkwe aweke sikio kwenye mpini. Alisema wale waliopita hawaimbi, wana kazi, lakini mara nyingi huwapo dume mwingine mbali, peke yake, anayeimba. Mama mkwe aliegemeza kichwa chake kwenye kasia, akafumba macho. Alikaa hivyo mpaka nikadhani hakuna kitu.

"Anaimba," akasema mwishowe. Akasikiliza tena. "Lakini hana ngoma ya kumwitikia."

Akanipa kasia. Mti ulikuwa baridi sikioni. Mwanzo nilisikia maji tu. Kisha, kutoka mbali nisipoweza kupataja, ikaja sauti kama ya mlango mkubwa mkavu unaofunguliwa polepole, ikashuka ikawa kama ng'ombe anayemlilia ndama, ikapanda tena nyembamba mpaka ikawa kama filimbi, ikakatika. Kisha ikaanza upya, vilevile, kwa mpangilio uleule. Kulikuwa na mtu chini kule. Ndivyo nilivyofikiri, sikuwa na neno jingine. Mtu anayerudia wimbo wake gizani ili asiukosee.

Mchana ule, baada ya kula, tulikaa mimi na yeye barazani kwa wifi tukimenya mihogo. Wifi na mtoto walikuwa wamelala. Bila mimi kuuliza chochote, mama mkwe akaanza kusema, kwa kile Kiswahili chake cha mnadani, chenye kusema "bahali" na "safali" kwa pumzi ileile, na kwa mara ya kwanza sikusikia kingine ila anachosema.

Alisema alipokuwa msichana kule Shinyanga alikuwa na vijana wawili waliomtaka. Mmoja alikuwa mchezaji wa ngoma, wa kundi lililosifika, kifua kipana, anayecheza na chatu shingoni huku wasichana wote wakimwimbia. Mwingine alikuwa mwembamba, mchungaji wa ng'ombe wa mjomba wake. Wote wawili walikuwa wamepeleka washenga kwa baba yake, na wote wawili walikuwa wameshapigana fimbo uwanjani kwa ajili yake, watu wakiwa wamezunguka. Hadithi hiyo nilikuwa naijua. Kwenye boma letu wanaume huisimulia kila kwenye sherehe: namna baba mkwe, pamoja na wembamba wake, alivyompasua yule mchezaji ngoma juu ya jicho akajichukulia mke.

Mama mkwe alisema ni kweli pale juu ya jicho palipasuka. Ila siku hiyo hakuna kilichoamuliwa. Yeye alikuwa na kazi ya kuteka maji, na visima vilikuwa vimechimbwa kwenye mchanga wa mto. Siku iliyofuata alifika kwenye kisima cha karibu akakipita, akaenda cha mbali. Vijana wote wawili walikuwa nyuma yake, kila mmoja njia yake. Kesho yake alikipita na hicho akaenda cha mbali zaidi, kwenye nchi ya watu wengine, jua likiwa kali. Mchezaji ngoma alirudia njiani. Alimwambia maji ni maji, haoni sababu ya kuchoka. Yule mwembamba aliendelea. Hakumpokea mtungi, maana watu wangemcheka. Alitembea nyuma tu, anaongea habari za ng'ombe, huyu kazaa, huyu anakataa kukamuliwa, mpaka kisimani na mpaka nyumbani. Aliendelea hivyo kiangazi chote.

"Wanasema alinishinda," akasema. Alikuwa ameshika kisu, hamenyi. "Hakunishinda. Mimi ndiye niliyekuwa mbele."

Nikamwuliza kama baba mkwe alilijua hilo. Alifikiri. Alisema alilijua vizuri, na ndiyo maana alikuwa analicheka anapowasikia wengine wakisimulia habari za fimbo. Kisha akanigeuzia swali. Akataka kujua mwanawe alinipataje mimi, kwa sababu yeye aliambiwa tu kwamba yuko mwalimu kutoka Ngara. Tangu nimeolewa hakuna mtu wa boma lile aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia. Mihogo ilibaki kwenye beseni mpaka wifi alipoamka kuuliza kama leo tutakula cha jioni.

Tuliporudi Biharamulo, majirani walikuja kumwamkia na kupokea zawadi za chumvi ya bahari na nazi. Aliwasimulia. Mimi nilikuwa naye, na kila alipokwama kwa Kiswahili mbele ya wasio Wasukuma nilimalizia. Shemeji alikuwa ametutumia ile video. Ilionyesha maji, povu, kitu cha kijivu kilichofanana na tairi, kidole cha shemeji, na maji tena. Vijana wa bodaboda waliiangalia wakasema pole bibi, siku hizi hata simu hutengeneza chochote, nyangumi wa kweli wapo huko Ulaya. Jirani yetu mmoja, mfugaji mwenye heshima, aliuliza kama wana pembe. Aliposikia hawana, aliuliza sasa wanapiganaje, na hakutaka kupewa jibu.

Nilikasirika kwa niaba yake. Yeye hakukasirika. Alisimulia vizuri, akaacha, akaenda kutazama mahindi. Lakini asubuhi kadhaa baada ya hapo nilimwona nyuma ya nyumba, kwenye kile kijumba chake, anaongea na wazee wake kwa muda mrefu kuliko kawaida, huku mikono ikipanda na kushuka. Nilielewa anawasimulia na wao.

Mwezi wa kumi na mbili mama yangu alikuja kututembelea kutoka Kanazi, na mkungu wa ndizi, na kahawa ya shambani. Ni mjane, mtu wa kanisa, asiyependa maneno mengi. Mama zangu hawa wawili walikuwa wamekutana kwenye harusi na misiba tu, na kila mara walikaa wametazama mbele. Mmoja Kihangaza, mwingine Kisukuma, na Kiswahili cha mama yangu ni kidogo kuliko cha mama mkwe. Jioni ya pili, tukiwa uani, mama yangu alisema amesikia habari za bahari kutoka kwangu kwenye simu, na angependa kuzisikia kwa mwenyewe.

Mama mkwe alianza, mimi nikawa natafsiri pale palipohitajika. Mama yangu alisikiliza akiwa ameshika kidevu. Lilipofika suala la ukubwa, alisimamisha mkono. Alisema haelewi. Mkubwa kama nini?

Mama mkwe alitazama huku na huku. Aliinuka, akaenda mpaka mlangoni kwa jiko, akasimama hapo, akasema hapa ni mdomo. Kisha akaanza kutembea. Alivuka ua, akapita kwenye kinu cha kutwangia, akasimama, akanyoosha mikono yote miwili pande mbili, akaonyesha kwamba hapa mapezi, na kwamba mikono yake haitoshi, yaongezwe. Akaendelea. Akalipita zizi la mbuzi, akalipita lile tanki la maji ya mvua. Mke wa jirani, ambaye alikuwa anapita na kuni, alisimama akauliza kuna nini. Aliambiwa asimame papo hapo, yeye ni pezi la mgongo. Alisimama, na kuni zake kichwani. Mama mkwe aliendelea mpaka karibu na barabara, akakwaruza ardhi kwa kisigino, akamwita mama yangu aje asimame pale, mkiani. Kisha akarudi mwenyewe mpaka mlangoni kwa jiko, kwenye kichwa, akageuka.

Mama yangu alisimama pale barabarani, amejifunga kitenge vizuri kama mtu aliye kanisani. Aliangalia urefu wote ule, kutoka miguuni pake mpaka kwa mama mkwe kule mlangoni, na nikamwona anaupima polepole, kisha anaupima tena. Walikuwa mbali kiasi kwamba ilibidi apaze sauti. Aliuliza kwa Kiswahili, bila kunipitia mimi, kama mnyama wa namna ile hulala.

Mama mkwe alijibu kwamba hajui, hakumwuliza nahodha.

Wakabaki wamesimama hivyo, kila mmoja kwenye ncha yake, na mke wa jirani katikati na kuni zake, hakuna aliyetaka kuondoka wa kwanza. Ng'ombe walikuwa wanarudi. Walitokea barabarani na vumbi lao, wakamkuta mama yangu, wakampisha, wakaingia uani, wakatembea kutoka mkiani kwenda kichwani, mmoja mmoja, mpaka wote wakaenea ndani ya nyangumi.